Msimu wa Sabuni ya Buluu

Jumatatu, 4 Machi

Muuguzi wa presha amesema niwe naandika daftarini kila jioni nimekula nini na nini kimenitia wasiwasi, mwisho wa mvua nirudi nalo tulitazame pamoja. Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la nne. Akasema, "Mama, hakuna anayesahihisha." Haya basi.

Nimekula mkate na chai, mchana wali na maharage. Wasiwasi: binti yangu ameajiriwa kiwandani kwetu.

Mama mwingine angeshangilia. Na mimi nashangilia, ila furaha yangu huwa inapitia tumboni kwanza. Kiwanda chetu kinapika sabuni ya mche. Mpishi anapika, sabuni inamiminwa ikiwa moto kwenye fremu za mbao, ikipoa inakuwa bonge. Bonge linaletwa chumba chetu cha kukatia, tuko wanawake tisa, tunalikata kwa waya liwe miche. Pembeni hubaki ukingo. Ukingo huo tunautupa kwenye toroli, unarudi kwa Mpishi, unayeyushwa upya. Ndiyo fahari ya pale: hapa hakipotei kitu.

Lakini Tajiri mwenye kiwanda anasema kinapotea. Kuni zinakwisha lori baada ya lori, majirani wanapiga kelele kuhusu moshi, na yeye haoni faida inakwenda wapi. Jicho lake liko kwetu. Amesema mvua zikiisha atafunga chumba cha kukatia, mabonge yapelekwe nje yakakatwe kwa mashine. Kabla ya kufunga ameleta mhandisi kijana, wa majaribio, amchoree kila kitu kinaingia wapi na kutokea wapi.

Mhandisi huyo nilimzaa mimi.

Jumanne, 5 Machi

Uji. Mvua ya kutwa. Kazini tumekubaliana mimi nimwite Mhandisi. Yeye ataniita mama, kama atakavyowaita wenzangu wote. Ameingia asubuhi, akasema, "Shikamooni mama zangu." Redio, tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki, akajibu, "Marahaba mwanangu. Umekuja kutuhesabu sisi au sabuni?" Wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Alhamisi, 14 Machi

Viazi. Amepima mafuta yanapoingia getini, amepima magadi, amepima maji. Amepima mabonge mlangoni kwetu na miche inayotoka. Hata matope ya mtaroni ameyachota kwenye ndoo. Bwana Haraka, msimamizi wetu, ambaye kila mtu anamwambia haraka na mwenyewe anatembea kama amebeba mayai, anamfuata nyuma na uso wa mtu anayepekuliwa mifuko yake.

Jumamosi, 16 Machi

Nyumbani amenifungulia kompyuta akanionyesha. Anakiita kielelezo. Mimi nimeona mito. Kila kitu ni mshale, kikiwa kingi mshale mnene, kikiwa kidogo mwembamba kama uzi. "Mama, sheria ni moja tu. Kilichoingia lazima kionekane. Ama kimetoka getini, ama kimeshuka mtaroni, ama kimepanda na moshi, ama bado kimo ndani."

"Sasa mbona umenuna?"

"Kwa sababu mabonge yana uzito mkubwa kuliko vitu vilivyoyatengeneza."

Baba yake, aliyekuwa anakata kucha, akasema, "Basi kiwanda kina baraka, mwacheni."

Alicheka yule baba peke yake. Binti yangu anajua mabaki yanarudi sufuriani na kuhesabiwa mara ya pili, lakini ni kiasi gani hakuna anayejua. Mpishi anatupia ukingo wakati wowote, konzi kwa konzi, akiona sufuria lina nafasi. Ukimuuliza anasema, "Kidogo tu, mhandisi. Cha kuonjea."

Jumatano, 20 Machi

Chai kavu. Wazo lake ni kutia rangi ya buluu kwenye sufuria moja tu, halafu aone siku zinazofuata buluu inarudi kiasi gani kwenye sabuni nyeupe. Ikififia upesi, mabaki ni kidogo. Ikikawia, ni mengi. Bwana Haraka ametutangazia: "Kesho kuna bonge la rangi, msishtuke. Fanyeni kama kawaida." Akaondoka kabla hatujauliza.

Ijumaa, 22 Machi

Moshi unashuka mpaka chini siku ya mvua. Macho yanawasha. Wali wa jana.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Amerudi nyumbani anaimba. "Mama, buluu imekwisha siku ya pili. Kumbe Mpishi alikuwa anasema kweli, mabaki ni kidogo. Chumba chenu hakina neno. Jumatatu namwambia Tajiri atafute kwingine."

Akanikumbatia. Mimi mikono yangu ilikuwa na unga, nikaiacha imening'inia hewani, nikabaki hivyo.

Maana buluu haikwisha. Tuliitoa sisi.

Kawaida yetu chumba cha kukatia, tangu niingie pale, ni kwamba kipande chochote chenye doa hakiendi kwenye toroli. Doa moja linaharibu sufuria zima, na miche yenye michirizi wateja wanairudisha. Kwa hiyo kila mwenye macho anachambua. Ukingo mweupe unaenda kwa Mpishi, wenye doa unaenda kwenye ndoo ya kuoshea sakafu. Tulipoambiwa tufanye kama kawaida, tulifanya kama kawaida. Tulichambua buluu yote mpaka chembe, tena kwa kujivuna, Redio akisema, "Wataona wanawake wanavyofanya kazi." Sakafu ya kiwanda imeoshwa kwa sabuni ya buluu siku mbili na hakuna aliyeshangaa.

Nimeketi jikoni nikafikiri. Nikinyamaza, chumba chetu kimepona. Wenzangu wanane watabaki na kazi, nami pia, na mwanangu ataniambia asante. Nikisema, ule mshale mwembamba wa mabaki utanenepa, na utaanzia kwetu. Lakini nikinyamaza mwanangu anasimama Jumatatu mbele ya Tajiri na mto usio wa kweli. Siku utakapogundulika, ataonekana ama mjinga ama mwongo aliyemkinga mama yake. Hatapewa kazi nyingine popote.

Nimekwenda chumbani kwake nikamwambia. Nimesema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Amefunga kompyuta. Halafu akasema, "Mama, ungeweza kuniacha."

"Ningekuacha uende wapi?" nikamjibu.

Sikula kitu.

Jumanne, 26 Machi

Ametia buluu mara ya pili. Safari hii amekuja mwenyewe chumbani kwetu, akasema polepole: msichambue, kila ukingo uende kwenye toroli, wenye doa na usio na doa. Redio akanigeukia. "Nani alimwambia habari ya ndoo?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Umezaa mhandisi, sawa. Hatukujua umezaa mlinzi pia." Mchana wamekula upande wao. Nimekula ndizi, nikiutazama ukuta.

Jumatano, 27 Machi

Buluu.

Alhamisi, 28 Machi

Buluu bado. Ndizi.

Ijumaa, 5 Aprili

Juma zima lilipita na bado tunakata miche yenye buluu ya mbali, kama anga la asubuhi. Kiwanda kizima sasa kinaona. Mpishi anasimama juu ya sufuria lake, anatikisa kichwa. "Cha kuonjea," akasema Redio. Kwa mara ya kwanza toka siku ile nilimwona Redio akinitazama bila kunikunjia uso, kisha akakumbuka, akakunja.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ya mawe. Mto umepata sura. Mshale unatoka chumbani kwetu, mwekundu, mnene kuliko mguu wangu, unazunguka mpaka kwa Mpishi na kurudi tena kwetu. Robo nzima ya kila bonge inarudi. Katika masufuria manne ya siku, moja zima ni sabuni ya jana.

Tajiri alitazama kioo cha kompyuta mbele yetu sote. "Nilijua," akasema. "Wanaharibu robo. Mwisho wa mwezi chumba kinafungwa, tusingoje mvua ziishe."

Mwanangu akasema, "Mzee, sijamaliza. Hii inaonyesha linapita wapi, haijaonyesha linatokana na nini."

"Linatokana na mikono yao."

Akaondoka. Wenzangu wakarudi kwenye nyaya zao, na mimi ningependa kama wangenitukana.

Jumanne, 9 Aprili

Jana tulikuja nyumbani njia moja, mwavuli mmoja. Mlangoni nikamwambia, "Wewe umetupima kila kitu isipokuwa kazi. Kesho njoo ukate." Sikumwambia kwa ukali. Nilimwambia kama ninavyomwambia avae sweta.

Leo amekata. Tumempa aproni ya Redio, imemzunguka mara mbili. Kunyoosha waya, kuuegemeza kwenye alama, kuvuta bila kuyumba. Mche wake wa kwanza ulikuwa na tumbo. Redio akasema, "Huu una mimba, uweke pembeni." Kufika saa nne mikono yake ilikuwa imevimba. Kufika mchana alikuwa anakata sawa. Hapo ndipo alipoacha. Akachukua ukingo wake na ukingo wangu na ukingo wa Redio, akaulaza mmoja juu ya mwingine. Akaenda kwenye toroli akachota mwingine, akaulaza. Upana ni uleule. Vidole vitatu upande huu, vidole vitatu upande ule, kipande kimoja mwishoni. Mkono wa bingwa na mkono wa mwanagenzi inaacha ukingo wa upana mmoja.

"Mtu akikosea," akasema, anaongea kama peke yake, "hakosei sawasawa kila mara."

Akauliza fremu zilitengenezwa lini. Bwana Haraka, aliyekuwa mlangoni, akasema ni za toka kiwanda kianze. Akauliza mche ulikuwa na urefu huu toka kiwanda kianze? Bwana Haraka akafikiri. Akasema hapana, mche ulifupishwa na kupunguzwa unene mwaka juzi, wenye maduka walitaka mdogo. Na fremu?

"Fremu ni fremu," akasema. Nikaona amesikia mwenyewe alichokisema.

Bonge bado ni la mche wa zamani, mche wa sasa hauingii humo bila kubakisha. Hata tungekata kwa mikono ya malaika, robo ingebaki.

Nimekula wali, nimeongeza.

Ijumaa, 12 Aprili

Ofisini kwa Tajiri. Mwanangu aliniita niingie pamoja na Redio, na Bwana Haraka akaja bila kuitwa. Mimi nikajishika kwenye kiti.

Hakuanza na kompyuta. Aliweka mezani kipande kimoja cha ukingo. Akasema, "Mzee, hiki umekihesabu ni cha bure, kwa sababu kinarudi. Ni kweli sabuni inarudi. Lakini zile kuni zilizokipika hazirudi, zimekwenda na moshi kwa majirani. Maji yaliyooshea sufuria hayarudi, yamekwenda mtaroni. Siku ya Mpishi hairudi, na siku ya mama hawa hairudi. Kila ukingo unaporudi tunavitupa hivyo vyote na kubaki na sabuni peke yake, halafu tunasema hapa hakipotei kitu."

Akafungua kompyuta, akabadilisha kipimo cha fremu humo ndani, fremu ya kufuata mche wa sasa. Ule mshale mwekundu ukanywea. Tuliuona unanywea mbele ya macho yetu. Ukabaki mwembamba kama kamba ya kiatu. Mshale wa kuni nao ukapungua, na wa moshi, na wa maji ya mtaroni, kama mtu anayekaza mkanda.

Tajiri akaokota kile kipande cha ukingo, akakigeuza. Akauliza nani aliamuru mche upunguzwe.

Sote tulikuwa tunajua, naye alikuwa anajua.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakula kuni," akasema.

"Hukula, mzee," akasema mwanangu. "Zilipita tu hazikuonekana."

Hapo Bwana Haraka, ambaye miaka yote nimemwona adui, akajikohoza akasema, "Wanawake hawa hawakosei, mzee. Mimi nasimama pale kila siku. Ningelisema mapema, ila sikuwa na la kuonyesha." Nilimtazama Bwana Haraka na viatu vyake vilivyolowa, nikaona nimemwonea bure siku nyingi.

Tajiri ametoa ruhusa ya fremu nne za majaribio. Kama mto wa kwenye kompyuta utakuwa mto wa kweli, chumba kinabaki. Kama sivyo, mwisho wa mwezi ni ule ule.

Jumatatu, 15 Aprili

Seremala amekuja kupima. Sijalala vizuri. Mkate.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilikwenda kazini mapema nikakuta Redio ameshafika, amesimama mbele ya fremu mpya kama anasubiri mgeni. Akasogea kidogo, nikasimama pembeni yake. Akasema, "Shoga, ikishindikana usilie hapa. Tutakwenda kulia kwangu." Ni neno lake la kwanza kwangu la kirafiki toka ile siku ya ndoo. Nikamwambia nitaleta sukari.

Bonge likaja. Nilipewa mimi nikate. Nilisema apewe mwingine, wakakataa. Nikanyoosha waya, nikavuta. Mche, mche, mche. Nikafika mwisho wa bonge nikatafuta ukingo wa kukata, hakuna. Kulikuwa na ngozi tu, nyembamba, ilijikunja kama ganda la kitunguu.

Tulikata manne yote. Jioni Mhandisi alipima toroli. Siku nyingine linasukumwa na watu wawili. Leo Redio ameubeba ukingo wote kwenye aproni, akazunguka nao chumba kizima akiwapelekea watu, "Onjeni, onjeni," mpaka kwa Mpishi mwenyewe. Mpishi akapokea kwa mikono miwili, akainama. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Tajiri alikuja mwenyewe. Akatazama aproni. Akasema, "Chumba hiki hakifungwi." Akamwambia seremala atengeneze fremu zilizobaki, na mwanangu akaambiwa Jumatatu aje asaini kazi ya kudumu.

Nyumbani nimemwita Mhandisi kwa kusahau. Baba yake akauliza kama na yeye sasa apige saluti.

Alhamisi, 2 Mei

Samaki wa kukaanga. Wasiwasi mpya, maana siwezi kukaa bila. Tunapika masufuria matatu na miche ni ileile. Tunamaliza kukata saa nane. Tunakaa, mikono mapajani. Watu tisa waliokaa wanaonekana wengi kuliko tisa wanaokata. Nimemuuliza mwanangu, "Umetuokoa na mashine. Sasa nani atatuokoa na wewe?"

Hakucheka. Amesema amelifikiria, nimpe mwezi mmoja.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua zinapungua. Zamani kuni zilishushwa mbichi zikaingia motoni siku hiyohiyo, banda halikuwahi kujaa. Sasa zinatangulia kukauka chini ya paa. Moshi umekuwa mwepesi, unakwenda juu badala ya kushuka. Jirani wa nyuma ya kiwanda, yule aliyewahi kumtukana Tajiri kupitia dirishani, ameanika mashuka meupe. Nilisimama kuyatazama mpaka akaniuliza nimepotelewa na nini.

Jumatatu, 3 Juni

Kliniki. Muuguzi amesoma yote haya, mwanamke wa watu, huku foleni imefika nje. Akanipima. Akasema presha imeshuka. Nikamwambia arudie, akarudia, imeshuka. Akasema vyakula havikuwa na uhusiano wowote.

Nikakimbilia kazini nimechelewa. Saa nane tulikuwa tumemaliza matatu, tumekaa, mikono mapajani. Bwana Haraka akaingia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue anatembea upesi. Nyuma yake mwanangu na Mpishi wanasukuma bonge la nne.

Mwanangu akasema amemwonyesha Tajiri: kuni zilizokauka zinatosha masufuria manne na bado moshi ni mdogo kuliko wa Machi. Wenye maduka waliokuwa wanarudishwa mikono mitupu wameambiwa waje. Kila siku manne, kama zamani.

"Kama zamani?" akasema Redio. "Zamani la nne lilikuwa la jana."

"Hili si la jana, mama," akasema mwanangu. "Hili hakuna aliyewahi kulikata."

Redio akamnyooshea waya. Mwanangu akatikisa kichwa, akaurudisha kwetu, akakaa kwenye stuli yangu kupumzika. Sisi tukasimama, sote tisa, tukafunga aproni. Bonge lilikuwa bado lina joto.